Michoro ya Kolo si ramani ya mali ya Mjerumani

Wapo wengi Kondoa wanaoamini kuwa michoro ya miambani Kolo ni alama walizoacha Wajerumani kuonyesha walikofukia dhahabu. Ni kweli Wajerumani walitawala Kondoa, hadi 1916. Lakini michoro mingi myekundu, yenye wanyama na watu warefu wembamba, ni ya wawindaji wa kale, karne nyingi kabla ya Mjerumani. Ile myeupe ilifuata baadaye. Ukienda na mwongozaji, tazama mwenyewe: mahali pengine mchoro umepanda juu ya mchoro, na wa chini ndio wa zamani zaidi.

Kinachoniuma ni mashimo yanayochimbwa na wanaoitafuta dhahabu hiyo. Udongo ule chini ya mwamba umehifadhi zana za mawe za watu wa kale. Ukishavurugwa, haurudishiki.