Mgongo wazi huanza kabla mama hajajua ana mimba

Mwanamke mwenye kifafa akiniuliza kama valproeti, dawa yake ya kifafa, itamdhuru mtoto, mimi humuuliza kwanza: unatarajia kushika mimba lini? Dawa ni ileile, lakini madhara yake hutegemea siku.

Siku ya 18 hivi tangu mimba itungwe, mfumo wote wa neva ni bamba tu la seli mgongoni mwa kiinitete. Kingo zake huinuka, huelekeana, kisha hushikana kuwa mrija. Kushikana huanza usawa wa shingo siku ya 22 hivi, kukaenda juu na chini. Tundu la kichwani huziba karibu siku ya 25, la mkiani siku ya 28. La juu lisipoziba, ubongo haujengeki. La chini likibaki wazi, ndio mgongo wazi. Sasa hesabu: siku ya 28 ni wiki 2 tu baada ya hedhi kukosekana. Anayefika kliniki na mimba ya wiki 12 hukuta mrija ulishafunga au ulishashindwa, hata akipewa papo hapo asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mrija kufunga.

Kwa hiyo maikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku zianze kabla ya mimba. Anayetumia dawa za kifafa mara nyingi huandikiwa miligramu 5. Lakini tusidanganyane: vidonge hivyo haviondoi hatari ya valproeti. Dawa hii huzuia vimeng'enya vinavyosaidia kunyamazisha jeni, hivyo jeni huamka wakati si wake. Kwa mama wanaoitumia wakiwa wajawazito, watoto 10 hivi kati ya 100 huzaliwa na kasoro kubwa za maumbile. 30 hadi 40 huchelewa kusema, kutembea au kujifunza, hata mgongo ukiwa mzima, kwa sababu ubongo huendelea kujijenga miezi yote tisa.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni mama kutupa vidonge siku anapoona kipimo kina mistari miwili. Degedege lisilokatika linaweza kumuua yeye na mtoto. Dawa ibadilishwe polepole na daktari, miezi kadhaa kabla ya mimba, kwenda kwenye dawa nyingine za kifafa kama lamotrijini au levetirasetamu.

Lamotrijini nayo ina lake: mimba ikikua, mwili huiondoa haraka, kiwango kwenye damu hushuka na degedege hurudi, hivyo dozi huongezwa. Baada ya kujifungua kiwango hupanda upesi. Dozi isiposhushwa mapema, mama huona vitu viwiliviwili na kupepesuka, mtoto akiwa mikononi.