Kitambaa kilichonunua kisiwa

Sisi tuliokulia Lindi hadithi ya Kilwa tumeisikia tangu utotoni. Mgeni wa Kishirazi alikitaka kisiwa. Mwenyeji akamwambia atandaze nguo kukizunguka chote. Akatandaza. Mwenyeji akazibeba nguo, akavuka kwenda bara. Alipotaka kurudi na watu wake, maji hayakupwa tena.

Wasimulizi hukazia ujanja. Mimi, mbunifu wa mavazi ya kike, nabaki na kile kitambaa. Kiliungwaje mpaka kikatosha? (Kilwa Kisiwani kumefukuliwa vigurudumu vya udongo vya kusokotea pamba, kwa hiyo uzi haukuwa jambo geni pale.) Gauni langu jipya halina picha ya kisiwa. Kanga husema kwa jina lake. Hili nataka liseme kwa lilivyoundwa.

Nachana marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) kwa urefu, ukanda wa sentimita 7, nauzungusha mwilini kutoka upindoni hadi begani. Gauni moja hula kama mita 22, wala halina mshono wa ubavuni.

Rangi natoa kwenye magome ya matawi ya mikorosho yaliyopogolewa. Gome la mkoko lina wekundu mzuri zaidi, lakini siligusi. Mikoko ndiyo inayoshika ufukwe wetu. Gome la mkorosho likichemshwa hutoa hudhurungi. Ukitia maji ya misumari yenye kutu, chuma hushikana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye gome, na rangi hugeuka kijivu hadi kukaribia nyeusi. Mara ya kwanza nililoweka usiku kucha. Weusi ulinipendeza mno, ila baada ya wiki chache bega lilichanika lenyewe: chuma kikizidi hula pamba. Siku hizi ni dakika 10 tu, kisha nasuuza mpaka maji yatoke safi.

Roho ya gauni iko kiunoni, upande wa kushoto. Hapo, kwa urefu wa shubiri, nachomoa mshindio wote (nyuzi za kukata upana) kwa ncha ya sindano, uzi baada ya uzi, nabakiza mtande (nyuzi za urefu) peke yake. Hunichukua siku nzima. Kitambaa hakijakatika, wala hakijashikana. Mvaaji akipiga hatua nyuzi huachana. Akisimama hurudiana, kama bahari ya kujaa na kupwa. Cherehani haiwezi kazi hiyo, na bitana siweki, maana ingeuziba mwanya wenyewe.

Kufua: maji baridi, bila jiki, anika kivulini. Pale kwenye mwanya usisugue. Shika kwa viganja viwili, ukamue taratibu.