Je, wajua kwa nini spika kubwa za zamani hutosheka na wati chache?

Mwaka 1946, katika mji mdogo wa Hope, jimbo la Arkansas nchini Marekani, mhandisi Paul Klipsch alianza kuuza spika aliyoipa jina linalotokana na lake, Klipschorn. Kimo chake ni kama sentimita 130, upana unakaribia 80, na ndani kuna koni (ile karatasi inayotikisika kutoa sauti) ya inchi 15. Inatengenezwa hadi leo. Ukiiunga na amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zilizotangulia transista) yenye wati 8 tu, sebule kubwa inajaa muziki na jirani anapata sehemu yake. Amplifaya hiyohiyo ukiihamishia kwenye spika nyembamba ya kisasa, muziki utasikika, lakini ukiongeza sauti tu inaanza kukwaruza. Wati ni zilezile 8. Tofauti inatoka wapi?

Jibu unaloweza kulipata kwa fundi yeyote ni kwamba wati za zamani zilikuwa wati kweli, za siku hizi ni za makaratasi. Ni jibu linaloridhisha, na nusu yake ni sahihi, ndiyo maana halifi.

Wati ni kipimo cha umeme unaotumika kwa sekunde, nacho hakizeeki. Wati 8 za mwaka 1946 ni wati 8 za leo. Kilichobadilika ni maandishi kwenye boksi. Sote tumeziona redio zilizoandikwa PMPO (eti nguvu ya kilele ya muziki) 3000 au 5000 kwa herufi za kung'aa, wakati lebo ya nyuma inaonyesha kuwa mashine nzima inavuta wati 40 kutoka ukutani. Umeme usioingia hauwezi kutoka. PMPO haina kanuni inayokubalika popote: kila mtengenezaji huikokotoa apendavyo, na wengi hupenda iwe kubwa. Mtu aliyezoea tarakimu hizo akikutana na amplifaya ya zamani iliyoandikwa wati 20 kwa unyenyekevu, halafu akasikia inachofanya, lazima atahisi kwamba wati zenyewe zimechakachuliwa.

Kosa la pili limejificha zaidi. Wengi husoma wati zilizoandikwa nyuma ya spika kana kwamba ndiyo sauti itakayotoka. Spika ya kawaida haina nguvu yake yenyewe. Tarakimu ile inasema inaweza kuvumilia umeme kiasi gani kabla koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) haijaungua, basi. Spika ya "wati 200" ikiwekwa kwenye amplifaya moja na spika ya "wati 50", inaweza kabisa kuwa ndiyo yenye sauti ndogo. Anayechagua spika kwa tarakimu hiyo amenunua uvumilivu, hakununua sauti.

Na uvumilivu wenyewe unahitajika kwa sababu ya aibu moja ambayo matangazo hayaitaji: kazi kubwa ya spika ni kutoa joto. Katika spika nyingi za nyumbani, chini ya asilimia moja ya umeme unaoingia ndiyo inayogeuka sauti. Inayobaki inapasha koili. Muziki ni ziada.

Tarakimu ya kutafuta, basi, ni ile ya usikivu: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi zinapatikana mita moja mbele ya spika ikipewa wati moja. Spika ndogo ya kisasa huwa karibu na desibeli 87, yaani inageuza takriban asilimia 0.3 ya umeme kuwa sauti. Zipo spika za zamani za kusimama zinazofika 97. Pengo la desibeli 10 linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini maana yake ni mara kumi: wati 10 kwenye ile ya zamani zinafanya kazi ya wati 100 kwenye ile ndogo. Klipschorn yenyewe, kwa takwimu za kampuni, ni desibeli 105. Kwa hesabu hiyo wati zake 8 zingehitaji wati 500 kwenye spika ya 87. Takwimu hiyo imehesabu pia msaada wa kona ya chumba, kwa hiyo tuipunguze kwa ukali hadi 100. Bado tunazungumzia wati 160 dhidi ya 8.

Sasa, ni nini kinachoifanya spika moja iwe na pato hivyo na nyingine iwe mharibifu?

Tatizo la msingi ni kwamba hewa ni nyepesi mno kwa koni. Mvuvi akifika kilindini akajaribu kuusukuma mtumbwi kwa kulivuta pondo majini badala ya kasia, mikono itachoka na mtumbwi utabaki palepale. Nguvu anayo, ila maji yanalikwepa pondo. Hayampi kitu cha kushindana nacho. Akichukua kasia lenye kichwa kipana, mkono uleule unapata maji ya kushika na mtumbwi unaondoka. Koni ndogo ikijaribu kutoa besi ni pondo kilindini. Wimbi la sauti la hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7, na mbele ya wimbi refu namna hiyo hewa haibanwi na koni ndogo. Inajisogeza pembeni, inapita. Koni ya inchi 15 ndilo kasia. Eneo lake ni takriban mara sita ya koni ya inchi 6 na nusu, kwa hiyo ili zitoe besi sawa, ile ndogo inapaswa kwenda mbele na nyuma umbali mara sita zaidi. Kadiri noti inavyoshuka ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya: ukishusha hezi kwa nusu bila kupunguza sauti, mwendo wa koni unahitaji kuwa mara nne.

Klipsch hakuridhika na kasia pana. Mbele ya koni alijenga pembe, njia inayoanza nyembamba na kupanuka polepole. Mwanzoni mwa njia hiyo hewa haina pa kukwepea, kwa hiyo koni inapata kitu cha kusukuma. Mwishoni inatoka kwenye mdomo mpana unaolishika anga la chumba. Pembe kamili ya kufikia besi ya chini ingekuwa na mdomo wa mita kadhaa na isingepita mlangoni. Yeye aliikunja ndani ya kabati, kisha akaziachia kuta mbili za kona ya sebule zimalizie kipande cha mwisho. Kwa maneno mengine, sehemu ya spika unayoinunua inabaki dukani kwa sababu tayari unayo nyumbani. Sijawahi kuona ubahili wa kihandisi uliozidi huo.

Spika nyingi kubwa za zamani hazikuwa na pembe ya besi. Zilikuwa na koni pana na nyepesi ya karatasi na sanduku kubwa la mbao. Sanduku ni la lazima, kwa sababu koni ikisukuma hewa mbele inavuta nyuma, na besi za pande hizo mbili zikikutana zinafutana. Lakini hewa iliyofungiwa nayo ina ukaidi wake, na katika sanduku dogo inairudisha koni kwa nguvu kiasi cha kuzuia besi ya chini. Dawa ni kuiongezea koni uzito. Besi inashuka, ndiyo, lakini koni nzito inadai umeme mwingi zaidi kutikisika, na usikivu unaanguka.

Mwanafizikia Josef Anton Hofmann, mtoto wa mpiga piano mashuhuri Josef Hofmann, aliuweka mgogoro huo katika kanuni moja ambayo watengenezaji wameipa jina la kanuni ya chuma ya Hofmann: sanduku dogo, besi ya chini, usikivu mkubwa, chagua viwili. Hesabu yake haina huruma. Ukitaka besi ishuke kwa nusu na usikivu ubaki palepale, sanduku linapaswa kuwa kubwa mara nane. Spika ya lita 10 inayofika hezi 80, ukiitaka ifike 40, iandalie lita 80. Hapo ndipo kabati la sakafuni linapozaliwa.

Kwa hiyo ukubwa ule ulikuwa malipo. Amplifaya za valvu zilikuwa ghali na wati zake chache. Mbao zilikuwa rahisi. Jambo la busara lilikuwa kulipa kwa mbao.

Mwaka 1954 mvumbuzi Edgar Villchur, pamoja na Henry Kloss aliyekuwa mwanafunzi wake, wakatoa AR-1 kupitia kampuni yao ya Acoustic Research (AR), spika ndogo iliyofungwa pande zote ambamo hewa ya ndani yenyewe ilifanywa springi ya koni. Ilishuka chini kuliko makabati mengi ya wakati wake. Usikivu ndio uliotolewa kafara. Miaka minne baadaye santuri za stirio zikaingia sokoni, na ghafla kila nyumba ikahitaji spika mbili badala ya moja. Waliokuwa wamevumilia kabati moja sebuleni hawakuwa tayari kuvumilia la pili. Transista zikamaliza kazi katika miaka ya 1960: wati zikawa rahisi, na malipo yakahama kutoka kwa seremala kwenda kwa amplifaya.

Hapa lazima nitie breki, maana mtu anaweza kutoka hapa akanunua chochote chenye kimo. Uzee si usikivu. AR9 ya mwaka 1978 ni spika ndefu ya sakafuni yenye koni mbili za inchi 12 ubavuni, nayo ilitaka amplifaya nzito kwelikweli. Zipo pia spika za Kijapani za miaka ya 1970 zenye vimia vya mbao vya kupendeza na koni nyingi kuliko zilivyohitaji. Baadhi zinastahili sifa, nyingine ni fanicha. Na ukubwa pia si besi ya chini. La Scala, ndugu ya Klipschorn aliyetoka mwaka 1963, ni kubwa na ina usikivu wa kutisha, lakini besi yake inaishia karibu na hezi 50. Sabufa ya kawaida ya sebuleni inaweza kufika hapo. Mbunifu wake alichagua usikivu, na kwa besi ya chini hata mbao zote hizo hazikutosha.

Je, sauti yake ni bora? Wapenzi huapa kuna uhai fulani ambao spika nyembamba hazina. Kuna sababu moja ya kifizikia ya kuwaamini: shaba ikipata moto, ukinzani wake unapanda, takriban asilimia 40 kwa kila nyuzi 100. Koili iliyochemshwa na wati nyingi inaanza kuminya ngoma zinapopigwa kwa nguvu. Koili inayokula wati mbili haipati joto la kuizuia, na koni isiyosafiri mbali haipotoshi sauti sana. Zaidi ya hapo ushahidi unapungua haraka. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa wasikilizaji spika zilezile kwa njia mbili, zikiwa zimefichwa na zikiwa wazi. Zilipoonekana, alama zikabadilika, na spika ndogo ya bei nafuu iliyokuwa imefanya vizuri gizani ikateremshwa. Kabati la mbao ya mnazi au ya jozi lenye kimo cha kifua linaingia masikioni kupitia macho pia.

Nyumba za kwetu zinaongeza jambo lake. Ukuta wa matofali ya saruji hauli besi kama ukuta wa mbao na jasi wa Marekani, ambako nyingi ya spika hizi zilibuniwa. Unairudisha. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvuma chenyewe karibu na hezi 43, kwa hiyo spika iliyopangiwa kona inaweza kugeuza kila wimbo kuwa noti moja. Isogeze mbele kidogo kidogo, nusu mita inaweza kubadilisha kila kitu. Ila Klipschorn ya awali haina ruhusa ya kuondoka kwenye kona.

Ukipata jozi ya zamani, usianze na wati, anza na ukingo wa koni. Ukiwa wa kitambaa kilichopakwa dawa, unaweza kuwa mzima baada ya miaka 50. Ukiwa wa sponji, unyevu huumega taratibu, na Pwani haina upungufu wa unyevu. Gusa kwa kidole: sponji iliyokufa inabaki kidoleni, na kubadilisha ukingo ni kazi ambayo fundi mzuri anaiweza. Kisha isukume koni kwa vidole vyote sawasawa. Ikikwaruza, koili imehama au imepinda. Mwisho gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya kwa sekunde moja. Koni isiyo na hitilafu inaruka na kutoa "tap" safi, na spika za jozi moja ziruke upande mmoja. Moja ikitoka na nyingine ikaingia, kuna aliyezigeuza nyaya za ndani, na besi yote inafutana katikati ya chumba. Muuzaji naye atakuwa anaiuza kwa bei ya hasara, akidhani zimechoka.