Florini haikununua mkate

Juzi tena, baada ya mhadhara, nimeulizwa mfumaji wa Firenze, mji wa Italia, zamani hizo alikwenda sokoni na florini ngapi mfukoni. Swali hili nimeshalichoka, na linaniuma, maana linawafuta watu ambao nimewasoma kwa miaka.

Florini ilikuwa dhahabu, gramu 3.5, fedha ya wafanyabiashara wakubwa. Kibarua wa ujenzi miaka ya 1420 alipata kama soldi 10 (soldo ni kipimo cha kuhesabia sarafu ndogo) kwa siku, na florini moja ilikuwa soldi 80 hivi. Kazi ya siku nane katika sarafu moja! Mwoka mikate angempa chenji gani?

Kibarua alilipwa piccioli, sarafu ndogo zenye fedha kidogo na shaba nyingi. Hapa ndipo watu wanapopapita haraka, nami nawasihi wasimame. Florini ilipoanza mwaka 1252 ilikuwa sawa na soldi 20 tu. Kutoka 20 hadi 80, aliyeumia ni nani? Tajiri wa sufu aliuza vitambaa kwa dhahabu, akamlipa mchambuaji sufu kwa piccioli. Sarafu ndogo iliposhuka thamani, gharama yake ya ujira ikashuka pia, bila yeye kumkata mtu hata soldo moja. Ciompi, vibarua wa sufu walioasi mwaka 1378, walikuwa watu wa mshahara huo.

Na hizo piccioli zenyewe hazikutosha, hivyo mtaa uliishi kwa kukopa. Mwaka 1427 kila kaya iliagizwa kuandika mali na madeni yake kwa ajili ya kodi ya catasto. Ukisoma matamko ya gonfalone (kata ya mji) ya Drago Verde, ng'ambo ya mto Arno upande wa San Frediano, utakuta mtu anadaiwa na mwenye nyumba, muuza dawa, muuza nguo, hata mwajiri wake.

Nakiri jambo moja linanisumbua. Madeni yalikatwa kwenye hesabu ya kodi, kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu ya kuyakuza. Mdai naye aliandika wadaiwa wake, lakini alikuwa na faida kusema hawalipiki. Nikiweka daftari hizi mbili pamoja, nayaamini majina kuliko kiasi: nani alimkopesha nani, mtaa gani. Na majina hayo mara nyingi ni ya majirani.