"Laini" ni ya ulimi

Juzi kwenye kichenpati nimeisikia tena, safari hii kwa wifi yangu: "Mimi pombe siigusi, nakunywa hivi vilaini vya kike tu." Mkononi ana waini, glasi ya tatu.

Kileo laini, kwa lugha ya mtaani, ni kile kisichochoma koo: waini tamu, saida (pombe ya tufaha), Amarula na jamaa zake. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kinachoniudhi ni kazi tuliyolipa neno hilo. Laini tumelipata kwa Waarabu, layyin, na husemwa juu ya kitambaa au shavu la mtoto. Kinyume chake ni kali: kisu, jua, pilipili. Yote mawili hueleza ngozi na ulimi vinavyohisi. Hakuna linalopima kiasi cha alkoholi. Tia sukari au krimu, ukali utajificha mdomoni, lakini kulewa utalewa vilevile. Amarula, ya tunda la mng'ongo, ina asilimia 17. Tusker Lager, eti ya wanaume, ina 4.2. Glasi ya waini ya mililita 150 yenye asilimia 13 inakaribia chupa ya Tusker ya nusu lita, na chupa nzima ya waini inazipita Tusker nne na nusu.

Wenye matangazo wanalijua hilo, ndiyo maana bango la waridi litakuambia "kinywaji". Kinywaji hutokana na kunywa. Hata uji ni kinywaji. Kileo hutokana na kulewa, ukilitamka umeshakiri. Wala mwili wa mwanamke hausomi bango: una maji machache kuliko wa mwanamume, hivyo glasi ileile humkolea zaidi, na pombe ya aina yoyote huongeza hatari ya saratani ya matiti.

Neno hili humponza zaidi anayehitaji kuacha. Mlevi anayemjua yeye ni yule baba anayelala mtaroni, kwa hiyo hajihesabu. Akishaacha, rafiki mwenye moyo mwema anamletea "kilaini, hakina neno", na safari inaanza upya.

Basi wifi, sema unakunywa pombe tamu, hakuna atakayekusuta. Na huyo jirani yako aliyefunika glasi kwa kiganja usimbembeleze. Muulize anapenda soda gani.