Idi ya Familia Iliyotawanyika

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha wa familia hapa Unguja, kumi la mwisho la Ramadhani huja na malalamiko ya aina moja. Mama ambaye wanawe wako Muscat na London husema Idi imebaki jina tu, na mwana aliye huko husema kila akipiga simu hupitishwa kwa watu watano wa kumsalimia harakaharaka, kisha simu hukatwa kwa sababu wageni wameingia. Mapenzi baina yao yapo tele. Kilichokosekana ni mpango.

Mpango huo huanza na mwandamo wa mwezi. Mwaka 2025, kwa mfano, watu wa Saudi Arabia na Falme za Kiarabu waliswali Idi el-Fitri Jumapili tarehe 30 Machi, ilhali Oman ilikamilisha siku 30 za mfungo na kuswali Jumatatu, hivyo ndugu aliyeko Dubai alikuwa keshakula pilau wakati mwenziwe wa Muscat bado amefunga. Nimeshuhudia familia zikigombana kwa jambo hili, nami huwasihi kila mtu aswali na watu wa mji alipo, na saa ya kuonana iwe makubaliano ya pembeni. Saa nayo ina mambo yake: mwisho wa Machi, inapotimu saa moja asubuhi Unguja, Muscat ni saa mbili, London ni saa kumi na moja alfajiri, na Toronto ndiyo kwanza saa sita ya usiku.

Hata hivyo, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba aliye mbali asiachiwe salamu tu, bali apewe kazi katika sikukuu. Ikiwa kaka mkubwa ndiye aliyekuwa akiwagawia watoto mkono wa Idi, na aendelee kuwagawia. Atume fedha mapema, shangazi azivunje ziwe noti ndogondogo, na siku yenyewe kaka aite majina kwenye simu, mtoto mmoja baada ya mwingine, kila aitwaye asogee mbele na kanzu yake mpya, apokee na kushukuru. Mtoto aliyezaliwa baada ya mjomba kusafiri humjua mjomba huyo kwa namna hii kuliko kwa picha iliyo ukutani.

Jikoni pia pana nafasi. Binti anayeishi ugenini apike mkate wa kumimina siku moja na mama yake, simu zikiwa wazi tangu mchele uliorowekwa unaposagwa na tui, hamira na hiliki. Kwenye baridi unga hukawia kuumuka, basi mama atamwambia aufunike na kuuweka mahali penye joto, na katika kule kungojea ndiko yanakozungumzwa yale ambayo simu ya salamu haiyafikii: nani anaumwa, nani ameposwa, nani hajasamehewa.

Wanaonisikitisha zaidi ni dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Kwao siku ya Idi huwa ndiyo siku ya kazi nyingi kupita zote, maana nyumba ya mwajiri hujaa wageni, na wengine simu zao huwa mikononi mwa waajiri. Familia isimlaumu binti kwa kutopokea simu Idi Mosi, wala isimsukume aombe ruhusa itakayomletea maudhi. Bahati njema, sikukuu yetu Zanzibar ni ya siku nne. Watoto wake na wavae nguo zao mpya tena siku atakayopata nafasi, iwe Idi Pili au Idi Nne, na sahani ya biriani ipakuliwe upya mbele ya simu, mama akae mkekani na wajukuu wote, wale pamoja naye bila haraka.