"Hop" si kuruka kidogo

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili: "jump", ruka, "leap", ruka, "hop", ruka, "skip", ruka tena. Msomaji anabaki kukisia, na karibu kila mara anakisia kwa ukubwa: "hop" ni kuruka kidogo, "jump" ni kuruka kwa kawaida, "leap" ni kuruka sana. Kosa hilo limeingia hadi kwenye maelekezo ya mazoezi, na huko ndiko linakoharibu kazi.

Kinachoyatenganisha maneno haya ni miguu. "Hop" ni kuondoka kwa mguu mmoja na kutua kwa uleule. "Jump" ni kutua kwa yote miwili, uwe umeondokea mmoja au yote. "Leap" ni kuondoka kwa mmoja na kutua kwa mwingine, katikati mwili ukiwa hewani. "Skip" ni hatua na "hop" kwa mguu uleule, kisha zamu ya mwingine: kulia-kulia, kushoto-kushoto, hatua ndefu, kidundo kifupi. Anayejifunza hukwama hapa: anadunda upande wenye nguvu tu, upande wa pili anapiga hatua kavu, anaonekana kama anachechemea. Ajabu ni kwamba kuruka kamba, ambako Waingereza wanakuita "skipping", mara nyingi hakuna "skip" hata moja. Miguu miwili juu, miguu miwili chini. Wamarekani wanaosema "jump rope" wamepatia.

Kuhusu ukubwa, tazama miruko mitatu, mchezo ambao Kiingereza kiliuita "hop, step and jump". Mruko wa kwanza lazima utue kwa mguu ulioondokea. Ukitua kwa mwingine ni kosa, jaribio halihesabiwi. Jonathan Edwards wa Uingereza alipofika mita 18.29 kule Gothenburg mwaka 1995, "hop" yake ilikuwa mita 6.05. "Step" iliyofuata, ambayo ukifuata miguu ni "leap" kamili, ilikuwa mita 5.22. "Kuruka kidogo" kukakupita "kuruka sana" kwa sentimita 83.

Kwa ndege kanuni hulegea kidogo. Shomoro anayedunda miguu pamoja, Kiingereza husema naye "hops".

Lenye ukoo mtamu ni "leap". Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "hlēapan", na halikumaanisha kuruka tu bali hata kukimbia. Ndugu zake katika lugha jirani bado wanahusu mwendo wa miguu: "laufen" la Kijerumani ni kukimbia, "lopen" la Kiholanzi ni kutembea. Na kukimbia ni nini kama si kutoka mguu huu kwenda ule, mwili ukielea kidogo kati ya hatua? "Leap" ni hatua ya mbio iliyovutwa ikawa ndefu. "Jump" ni mgeni wa karne ya 16, yaelekea liliigiza mshindo wa miguu ikitua, na likanyang'anya kazi nyingi za kila siku. "Leap" likabaki na matumizi yake machache, mojawapo "leap year". Siku 365 ni wiki 52 na siku moja, kwa hiyo tarehe husogea siku moja ya juma kila mwaka. Ikipita Februari ya siku 29 husogea mbili, yaani moja imerukwa. Sisi tunasema mwaka mrefu kwa sababu tunapima urefu. Wao walitazama hiyo siku iliyorukwa.

Kiswahili nacho hakijapungukiwa, ila "kuruka" tumelitwika kila kitu: ndege anaruka angani, msomaji anaruka ukurasa, mtoto anaruka kichura. "Kuchupa" tumeliacha kwenye kuchupa mipaka, ilhali ni neno zuri la kuruka toka hapa hadi pale. Basi ukikuta "leap forward" kwenye zoezi, usiandike "ruka mbele kwa nguvu". Andika "chupa mbele: ondoka kwa kushoto, tua kwa kulia".